Msoma Masomo Katika Gari la Mjerumani

Kona ya kwanza niliyopewa kuisoma katika maisha yangu tuliipita tukiwa hewani, mimi nikiwa bado kwenye neno "samahani". Sentensi niliyoiandaa ilikuwa hivi: "Samahani mzee, hapo mbele kidogo kuna kona, inakwenda kushoto, naomba upunguze mwendo." Ilikuwa sentensi nzuri, na mama yangu angeisikia angejua hakunilea bure. Tatizo ni kwamba gari la mbio halina nafasi ya kusubiri adabu ifike mwisho. Nilipofika kwenye "kidogo" tulikuwa tumeshatua katikati ya shamba la zabibu, gari limelala ubavu na mashada yamejaa kwenye kioo.

Mwenye shamba akaja, mzee mrefu amejifunga shuka, fimbo begani. Nikajua leo ni leo. Lakini Mgogo ni Mgogo, salamu kwanza.

"Mbukwenyi," akasema.

Tukaitika. Akauliza habari za nyumbani, za watoto, za mifugo, na kama huko tulikotoka mvua imenyesha. Dereva wangu, Mjerumani, akiwa amening'inia kwenye mikanda kama popo, akamjibu yote: salama, salama, salama kabisa, mvua bado. Salamu zilipokwisha ndipo mzee akaliangalia gari, akaiangalia mizabibu yake, akasema, "Sasa hili dude mmelileta humu la nini?"

Vijana wa kilabu cha mbio hapa Dodoma, mmeniomba niwaandikie kazi yangu ilivyokuwa, nanyi mlitegemea nianze na vikombe. Vikombe vipo viwili, kimoja mke wangu anawekea vitunguu. Kwa hiyo nitaanza na nilichonacho kwa wingi, yaani makosa.

Dereva wangu aliitwa Manfred. Kuendesha magari ya mbio ndiyo kazi pekee aliyowahi kufanya duniani. Kwao Ujerumani alianza akiwa mtoto, kwenye vile vigari vidogo ambavyo makalio ya dereva karibu yaguse ardhi. Baba yake alikuwa mwoka mikate. Aliuza gari la kusambazia mikate ili amnunulie kijana injini, halafu familia nzima ikawa inasambaza mikate kwa baiskeli. Manfred akapanda ngazi mpaka akafika kwenye viwanja vikubwa vya lami, watu wamejaa majukwaani, kampuni zinabandika majina yao mpaka kwenye kola ya shati lake. Bingwa hakuwahi kuwa. "Mimi nilikuwa mtu wa nne," alikuwa akisema bila haya yoyote. "Watu wanakumbuka wa kwanza, wa pili na wa tatu. Mimi niliiona migongo yao vizuri sana."

Umri ulipomfukuza kwenye lami, akahamia mbio za barabara za vumbi. Akaja nchini kwa shindano moja tu. Ekseli ikakatika huko Chemba, akakaa kusubiri vipuri kutoka kwao, vipuri vikachelewa, na vilipofika alikuwa ameshapanga nyumba Nkuhungu na anajua nani Miyuji anachoma mbuzi vizuri. Kampuni moja ya matairi ya kwao ikakubali kumdhamini akimbie huku, akafungua gereji, akaanza kutafuta msoma ramani, yaani mtu wa kukaa pembeni yake na kumsomea kona zinazokuja.

Mimi nilikuwa fundi mdogo kwenye gereji hiyo, mtaalamu wa kushika tochi. Siku moja Manfred akasimama mlangoni, akauliza, "Hapa nani anasoma vizuri kwa sauti?" Wenzangu wote wakaninyooshea kidole. Kweli nilikuwa nasoma. Kila Jumapili nilisimama kanisani nikasoma somo la kwanza, polepole, nikituliza sauti kwenye kila nukta ili neno liwaingie waumini. Hakuna aliyeniambia kwamba msoma ramani hasomi ili neno liingie. Anasoma ili dereva asife, na yeye asife, kwa mpangilio huohuo.

Baada ya shamba la zabibu Manfred alinitaka nimalizie ile sentensi, nikaimalizia, naye hakunifokea. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Yona, wewe kwa nini unaniomba?"

"Nakuombaje, mzee?"

"Unasema naomba upunguze. Mimi nikisikia naomba, nafikiri naweza kukataa."

Nikamweleza kwamba yeye ni mtu mzima, rika la baba yangu, na kwetu mtoto haamrishi baba. Akafikiri. Akaniambia kwamba ndani ya gari yeye si baba wa mtu, ni mguu na mikono, na mguu hauombwi. Nikaitikia ndiyo mzee, na mbio zilizofuata nikasema "tafadhali" mara nyingi kuliko nilivyosema "kushoto".

Aliyeniponya ni fundi mkuu wetu, Iddi, Msandawe wa Chemba, mtu mfupi mwenye sauti ya tarumbeta. Alinipandisha juu ya pipa la oili uani, akamweka Manfred kwenye kiti cha plastiki upande wa pili wa ua, akaniambia, "Mwite kama unafukuza mbwa anayeiba nyama."

"Siwezi, kaka Iddi. Mzee huyu."

"Basi mtazame matairi, usimtazame yeye. Matairi hayana rika. Haya, kona!"

"Kushoto... tatu... mzee."

"Mzee toa!"

"Kushoto tatu!"

"Kwa nguvu! Watu wa Chang'ombe hawajasikia!"

Mwanzo nilipiga kelele huku nimefumba macho. Nyumbani nako nilifanya mazoezi. Nikamwambia mke wangu, Mama Neema, "Chai! Mbili! Haraka!" Akaniletea chai kweli, mbili, zote baridi, akaniambia nyingine nikachemshe mwenyewe. Lakini taratibu ulimi ulikatika, yaani ulifupika. Moja ilikuwa kona kali ya kuvunja shingo, sita ilikuwa kona ya kupita bila kuachia mafuta, na "nyoosha" ilikuwa barabara tupu mbele, kanyaga mpaka mwisho. Ndani ya gari nikawa mkali. Nikishuka tu, nilizunguka upande wake nikamfungulia mlango na kumwambia shikamoo mzee, pole na kazi. Naye alikuwa anaijibu marahaba bila kucheka, na kwa hilo nilimpenda.

Nyinyi leo mna kamera na simu, mnapiga picha barabara nzima halafu mnaitazama kitandani mnakula karanga. Sisi tulitembea kwa miguu. Manfred hakukubali kupita kona ngumu ambayo hajaikanyaga kwa kiatu. Tulivua kofia juani, tunapiga teke udongo, tunachungulia, nami naandika kila kona kwenye karatasi za kumsomea siku ya mbio. Nililalamika sana kuhusu miguu yangu, lakini vitu ninavyovijua kuhusu uwanda huu wetu vyote niliviokota kwa njia hiyo, na nitawapa vichache maana kaburini havitanisaidia. Mchanga wa korongo uingie na gia uliyo nayo, usibadilishe katikati, na mguu wako uwe na tabia moja mpaka utoke. Udongo mweusi ukinyeshewa usiguse breki kabisa. Ukigusa, gari linageuka kwenda kuangalia lilikotoka. Ng'ombe anamfuata aliye mbele yake, kwa hiyo pita nyuma ya kundi. Mbuzi akivuka barabara peke yake, mama yake au mwanawe yuko upande uliobaki na mmoja wao atarudi. Punda akisimama katikati, mzunguke wewe, kwa sababu yeye ameshamaliza kuamua. Na mti msiutazame. Mkono unafuata jicho. Mimi niliutazama mti mmoja kule njia ya Kondoa siku Manfred aliponiachia usukani nijaribu, na kovu lake ninalo hapa kwenye nyusi, mti wenyewe haukupata hata mchubuko.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo mmeniuliza siku zote, na ambalo mmekuwa mkilijibu wenyewe kwa kicheko.

Kampuni ya matairi ilimwandikia Manfred kwamba umri umekwenda. Akimaliza ndani ya tatu bora kwenye mbio za mwisho wa msimu, hapa hapa nyumbani kwetu, watamdhamini mwaka mmoja tena. Asipomaliza, ndio basi. Hakuwa na kitu kingine. Mke waliachana zamani, binti yake alikuwa mtu mzima huko kwao, na akiamka asubuhi kitu cha kwanza alichofanya ni kuangalia mawingu aone vumbi litakuwaje. Nami nilikuwa na kiti changu mle ndani na watoto shuleni. Nilitaka amalize kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

Ila kulikuwa na jambo nililolijua mimi peke yangu. Manfred alikuwa haoni. Simaanishi kipofu wa fimbo. Kivulini ukimpa gazeti atakusomea mpaka matangazo. Lakini kwenye jua kali la saa saba na vumbi la mbele, dunia ilimpotea. Nililigundua kidogokidogo. Alianza kusema "rudia" kwenye kona alizozijua. Aligonga kichuguu kilichosimama wazi kama mnara wa kanisa, akasema kilijificha. Akaniomba niongeze maneno: jiwe liko wapi, mfereji uko upande gani, barabara ina rangi gani. Mimi, zuzu, nikafurahi. Nilidhani amegundua kipaji changu. Nikasoma kwa mbwembwe, naye akawa anapita kila kona barabara kabisa, tukawa na kasi kuliko tulivyowahi kuwa. Ilinichukua muda kuelewa kwamba gari lile lilikuwa linaendeshwa na sauti yangu, na sauti yangu ilijua tu yale tuliyoyaona tulipotembea kwa miguu. Kitu kingine chochote kikitokea barabarani, hakuna mtu aliyekuwa anakiona isipokuwa mimi, na mimi sikuwa na breki.

Ningemwambiaje? Mwalimu wangu, mzee wangu, nimwambie baba hufai tena? Nilimfuata mara nyingi gereji nikiwa nimejiandaa. Nikifika namkuta anapuliza vumbi kwenye chujio huku anapiga mluzi, naishia kumuuliza kama amekula.

Siku ya mbio tulianza vizuri ajabu. Hatua ya kwanza safi, ya pili safi, na tulipoingia hatua ya mwisho tulikuwa wa pili. Wa pili, jamani! Jua lilikuwa limekaa utosini. Iddi alitupungia na spana. Tukateremka korongoni, tukapanda, kulia nne, kushoto tano, nikasikia Manfred anaimba kitu cha kwao ndani ya helmeti.

Ndipo nikamwona mama mmoja, mbali mbele yetu, beseni la maji kichwani, anatoka kwenye mtama upande wa kushoto. Barabara ilikuwa imefungwa, lakini bomba la maji lilikuwa ng'ambo, na watu wanahitaji maji hata siku ya mbio. Nilitumaini Manfred atapunguza. Hakupunguza.

"Mama anavuka!" nikasema.

"Sema namba!" akajibu.

Namba! Hakuna namba ya mama. "Kulia!" nikapiga kelele. "Kulia kulia kulia!" Akavuta usukani kulia, yule mama akaruka nyuma, beseni likaenda juu, na maji yakatupiga kiooni kama mvua ya dakika moja. Nikageuka kutazama. Nilimwona amesimama, mikono kiunoni, mzima.

Mbele yetu barabara ilikuwa imenyooka. Hiyo ndiyo sehemu ya mwisho, baada ya hapo ni bendera na watu na mwaka mwingine wa kazi. Karatasi yangu ilisema "nyoosha".

"Simama," nikasema.

"Karatasi inasema nini?"

"Inasema nyoosha. Mimi nasema simama."

Hakubishana hata neno. Mguu hauombwi, ndivyo alivyonifundisha. Gari likasimama katikati ya barabara, vumbi letu wenyewe likatukuta, likatufunika. Akazima injini.

"Gari limeharibika?" akauliza.

"Hapana."

"Sasa kwa nini?"

"Yule mama, mzee."

"Mama gani?"

Nikanyooshea kioo kidole. Maji ya beseni yalikuwa bado yanatiririka kwenye kioo mbele ya macho yake, naye akayaona, akayafuata kwa kidole mpaka chini, na nikamwona anaelewa. Akavua helmeti. Uso ulikuwa umezeeka ghafla.

"Umejua tangu lini?" akaniuliza.

"Tangu kile kichuguu."

"Mimi kabla ya hapo," akasema. "Daktari alisema. Binti yangu alisema. Lakini wao hawakai kwenye kiti hicho."

Yule mama akatufikia. Hakusalimu, na kwa Mgogo hiyo maana yake hasira imepita kiasi. "Nyie mna akili kweli? Mngeniua, mkaenda kuwaambia nini wanangu?" Manfred akashuka, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwomba radhi kwa Kiswahili chake cha gereji. Mama akamtazama vizuri, akaona mzee analia. Hasira ikamshuka. "Haya, pole baba," akasema. "Pole, usilie sasa, mimi si mzima?" Tukammiminia maji yetu yote ya kunywa kwenye beseni lake. Hayakufika hata nusu.

Magari mengine yakatupita, moja baada ya jingine. Manfred akaniambia niingie upande wa usukani. Nikaliendesha gari la mbio mpaka mwisho kwa mwendo wa trekta, nalo likanizimikia mara mbili kwa aibu.

Pale mwisho watu walikuwa wamejaa. Wadhamini, waandishi, Iddi na spana yake, Mama Neema na kitenge kipya. Msimamizi akaja mbio kwenye dirisha. "Mlikuwa wa pili! Kimetokea nini?" Nikamwona Manfred anafungua mdomo. Nikaona kitakachofuata: mzee amesimama mbele ya umati ule, anawaambia kwamba haoni. Nikamwahi.

"Ni mimi," nikasema kwa nguvu. "Tumbo limenichafuka. Nimetapika, nikamwomba asimame."

Basi. Mnaikumbuka iliyobaki, maana mmeirithi kutoka kwa baba zenu. Msoma ramani aliyetapika akiwa wa pili! Aliyemmalizia Mjerumani kazi kwa sababu ya makande! Kanisani walisema Yona wa kwenye Biblia alitapikwa na samaki, wetu amejitapikia mwenyewe. Mama Neema alikuwa wa kwanza kucheka, akaapa kwamba makande yale hayakuwa yake. Kila nilipopita Chang'ombe kuna mtu alijishika tumbo. Manfred akafungasha, akaondoka, gereji ikawa ya Iddi, nami nikawasomea madereva wengine mpaka magoti yakakataa. Nilicheka pamoja na waliokuwa wananicheka. Kuna siku iliniuma, sitaficha, hasa watoto wangu walipotaniwa shuleni. Lakini nilijiambia kwamba heshima ya mzee iko salama kwao Ujerumani, na tumbo langu halina cheo cha kupoteza.

Kisha juzi juzi Manfred akarudi kututembelea, kwa treni hii mpya, na miwani mizito kama chini ya chupa. Binti yake alimleta. Tukampeleka Miyuji kwa mbuzi, na baadhi yenu mlikuwepo mezani. Mmoja wenu, simtaji, mama yake namheshimu, akauliza, "Mzee Manfred, ni kweli mlikosa kikombe kwa sababu huyu alitapika?"

"Kutapika?" Manfred akasema. "Nani ametapika? Mimi nilikuwa sioni. Karibu niue mtu. Huyu akaniambia simama."

Alisema hivyo huku anatafuna, sauti ileile ya kuomba chumvi. Binti yake akatikisa kichwa, akasema baba ameisimulia hiyo kila mahali: kwenye chama cha madereva wastaafu, kwa kinyozi, hata kwenye harusi yake yeye binti, mbele ya wakwe. Kwa maelezo yao huko kwao mimi ni mtu mkubwa sana. Miaka yote hiyo nimezunguka Dodoma na tumbo bovu la kusingiziwa, namlindia siri mtu anayeitangaza harusini.

Mlio mezani mkanigeukia. Manfred si mtu wa kuchelewa kuelewa.

"Yona. Uliwaambia ni wewe?"

"Ndiyo, mzee."

"Mpaka leo?"

"Mpaka leo."

"Kwa nini?"

"Watu walikuwa wengi," nikasema.

Akaiweka nyama chini. Akanyoosha mkono kunishika, mkono ukapita pembeni, ukaangusha kachumbari, ukaanza kupapasa meza. Nikasogeza wangu mpaka pale alipokuwa anautafuta. Akaushika, hakuuachia, na nyama ikapoa mbele yetu. Wale mlioniuliza mbona nafuta macho, niliwaambia ni pilipili.